Kiti Kilichoachwa Wazi Kaloleni

Makanga wa matatu za Barabara ya Jogoo hutaja mitaa kwa pumzi moja: Maringo, Jericho, Jerusalem, Mbotela, Ofafa. Abiria hulipa, hushuka, huenda zao. Ni wachache wanaojiuliza Ofafa alikuwa nani, au Mbotela alifanya nini hata jina lake likaandikwa kwenye ramani ya jiji.

Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi na mtu mashuhuri katika chama cha Luo Union. Tom Mbotela alikuwa naibu rais wa chama cha KAU, mwana wa ukoo wa Frere Town kule Mombasa, kizazi cha watumwa waliokombolewa. Alipenda siasa za taratibu na aliwapinga waziwazi waliokuwa wakila kiapo cha Mau Mau. Mbotela aliuawa Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Ofafa alifuata mwaka wa 1953. Vifo vyote viwili vilihesabiwa kuwa kazi ya Mau Mau. Miaka michache baadaye, Baraza la Jiji lilipojenga nyumba mpya za wafanyakazi upande wa mashariki, majina ya wawili hao yalikuwa tayari yakisubiri.

Aliyeshinda vita ndiye aliyeandika vibao. Swali ambalo halikuwa rahisi hivyo kwake ni hili: walioshindwa waongozwe na nani?

Wazee wa Eastlands, ambao bado huita miaka ile "Imajensi", waliishi ndani ya swali hilo kwa karibu miaka kumi. Katika vyumba vya Bahati, Kaloleni, Ziwani na Pumwani, watu walionyang'anywa viongozi wao walilazimika kutafuta wengine. Jibu walilolipata halikuwa lile alilolitaka Gavana Evelyn Baring, na si lile ambalo wapiganaji wa msituni wangelichagua.

Ukumbi uliokuwa bunge

Kabla ya risasi, kulikuwa na ukumbi. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa miaka ya 1940, nyumba za mawe zimezunguka uwanja wa kijani, na katikati ukumbi wa jamii ambao wenyeji waliufananisha na bunge. Baraza la kutunga sheria la mkoloni lilikuwa na Waafrika wa kuhesabu kwa vidole, wote wakiwa wameteuliwa. Kaloleni hapakuwa na uteuzi. Aliyejua kusema alisimama akasema.

Aprili 23, 1950, ndani ya ukumbi huo, Makhan Singh, Mhindi mwenye kilemba aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoa hoja kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru wake. Wiki tatu baadaye yeye na Fred Kubai, mwenzake katika vyama hivyo, walikamatwa, na Nairobi, iliyokuwa imepewa hadhi ya jiji Machi mwaka uo huo, ikasimama kwa mgomo mkubwa ulioongozwa kutoka Pumwani na mitaa jirani. Makhan Singh alizuiliwa hadi mwaka wa 1961.

Mwaka uliofuata mgomo, kizazi kile kile cha vyama vya wafanyakazi kilitwaa tawi la KAU la Nairobi. Kubai akawa mwenyekiti, Bildad Kaggia akawa katibu. Siasa za upole za kina Mbotela zikawekwa kando. Kuanzia hapo uongozi wa Waafrika wa Nairobi ulikuwa mikononi mwa watu wa Eastlands wenyewe: makarani, madereva wa teksi, wachuuzi, vibarua wa reli. Wengi wao walikuwa Wakikuyu, na wengi wao walikuwa wamekula kiapo.

Usiku wa Oktoba 20, 1952, Baring alipotia sahihi Hali ya Hatari, Kubai na Kaggia walizolewa pamoja na Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, wakashtakiwa Kapenguria. Chama cha KAU kilipigwa marufuku Juni 1953. Ukumbi ulibaki, sauti zikaondoka.

Ndugu kwa ndugu

Mkoloni aliviita vita vile uasi. Waliopigana waliviita vita vya ardhi na uhuru. Historia ya baadaye, hasa kazi za mwanahistoria Daniel Branch, imeongeza jina la tatu: vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Hesabu za serikali yenyewe zinaeleza kwa nini. Walowezi wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Raia Waafrika waliouawa na Mau Mau walikuwa 1,819. Wapiganaji waliouawa, kwa hesabu rasmi ambayo wengi huiona ndogo mno, walikuwa 11,503, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na Waafrika wenzao. Wengine 1,090 walinyongwa. Usiku wa Machi 26, 1953, pale Lari, wapiganaji walichoma nyumba za watu waliokuwa upande wa serikali na kuua makumi, wengi wao wanawake na watoto. Kabla ya kupambazuka, homugadi, yaani walinzi Waafrika wa upande wa serikali, na askari walikuwa wameanza kulipiza kisasi kwa watu wengi zaidi. Waliouana walikuwa majirani, na mara nyingine walitoka boma moja.

Homugadi, ambao Wakikuyu waliwaita "ngati", hawakuwa wote vibaraka wa kununuliwa. Kulikuwa na wazee wa kanisa waliokataa kiapo kwa imani, machifu waliokuwa wakilinda mashamba yao, na vijana waliotaka tu kulala usingizi. Lakini vita vilipokwisha, wote hao waliingia katika daftari moja, la washindi. Na daftari hilo lilikuja kuwa na thamani kuliko hati ya shamba.

Fuawe

Jumamosi ya Aprili 24, 1954, wakazi wa Eastlands waliamka wakakuta jiji limezingirwa. Jenerali George Erskine alikuwa amekusanya makumi ya maelfu ya askari na polisi kwa operesheni iliyopewa jina la Anvil, yaani fuawe, kile chuma ambacho mhunzi huweka kazi juu yake anapopiga nyundo. Kilichokuwa juu ya fuawe ni mitaa ya Waafrika.

Walienda nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, matundu mawili ya macho. Gunia likitikisa kichwa, mtu alipanda lori. Zaidi ya 20,000 walipelekwa Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani, na huko wakagawanywa kwa rangi: weusi kwa wale wasiokubali kuvunjika, kijivu kwa wenye kuyumba, weupe kwa waliotakaswa. Maelfu ya wanawake na watoto walirudishwa vijijini, ambako muda si mrefu wangehamishiwa kwa nguvu katika vijiji vya mahandaki na miba pamoja na watu wengine zaidi ya milioni moja.

Kabla ya fuawe, Wakikuyu walikuwa karibu nusu ya Waafrika wa Nairobi. Baada yake walikuwa karibu robo. Waliobaki walihitaji pasi maalumu ili kuajiriwa, na mtaa wa Bahati ulizungushiwa seng'enge. Vyumba vilivyoachwa vilijazwa na Wajaluo, Waluhya na Wakamba waliokuja kuchukua kazi zilizoachwa. Upande wa Embakasi, wafungwa na waliowekwa kizuizini walipewa sururu na kujenga uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka wa 1958.

Fuawe halikuvunja jeshi peke yake, maana jeshi kubwa lilikuwa msituni. Lilivunja uongozi. Makatibu wa vyama vya wafanyakazi, wakusanya michango, wenye kupitisha ujumbe kutoka Pumwani hadi Mlima Kenya, wote walitoweka kwa wiki chache. Serikali ilikuwa na hakika kwamba kiti kilichoachwa wazi kingekaliwa na mtu iliyemchagua yenyewe.

Cheti mkononi

Juni 1955 serikali iliruhusu Waafrika kuunda vyama vya siasa tena, lakini kwa ngazi ya wilaya tu, chama cha nchi nzima kisionekane. Mkoa wa Kati haukupewa hata hicho. Wakikuyu wangekuwa na baraza la ushauri, na washauri wangekuwa watu waaminifu kwa serikali.

Uaminifu huo uligeuzwa kuwa karatasi. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru aliyetaka kupiga kura katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika kuchagua wawakilishi wao, alitakiwa kuwa na cheti cha uaminifu kilichothibitisha kwamba alisaidia kupigana na Mau Mau. Mwenye elimu, mali au utumishi mrefu angeweza kupewa kura ya pili au hata ya tatu. Aliyetoka Manyani hakupewa hata moja.

Mpango wa kilimo wa Swynnerton, wa mwaka wa 1954, ulikamilisha kazi. Vipande vya ardhi viliunganishwa na kupimwa wakati ambapo maelfu ya wenye madai walikuwa kambini. Aliyekuwa nyumbani, mwenye rafiki katika kamati ya ardhi, ndiye aliyechagua tuta lake. Miche ya kahawa ikafuata, na karo za shule zikafuata kahawa.

Hata hivyo mambo hayakwenda sawa na hesabu. Matokeo ya 1957 katika Mkoa wa Kati yaliwashangaza wengi. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1944, Mkikuyu msomi wa kuheshimika, alishindwa na Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru. Sababu haikuwa fumbo. Umeru ilikuwa na vyeti vingi zaidi. Wakikuyu, ambao siasa za Kenya zilikuwa zimewazunguka kwa miaka thelathini, waliamka wakiwa na mwakilishi waliyechaguliwa na jirani.

Mgeni njoo

Mjini, hali ilikuwa tofauti. Pale ambapo serikali ilifikiri imeacha uwanja mtupu, palikuwa na kijana aliyekuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji. Jina lake Thomas Joseph Mboya, Mjaluo kwa asili, aliyezaliwa mwaka wa 1930 katika shamba la mkonge la Kilimambogo. Alikuwa amekua miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu. Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lililokuja kuitwa KFL.

KFL ndilo shirika kubwa la Waafrika ambalo serikali haikulifunga. Lilikuwa na ndugu zake katika vyama vya wafanyakazi vya Uingereza na Marekani, na kulifunga kungeleta kelele London. Basi fuawe liliposhuka, na baadhi ya maafisa wake wenyewe wakazolewa, KFL ndilo lililolalamika juu ya watu kukamatwa ovyo, mishahara iliyopotea na familia zilizofukuzwa. Mboya hakula kiapo na hakuutetea msitu. Alisema habari za kodi ya nyumba, ujira na pasi, na katika Eastlands ya 1954 hizo ndizo zilizokuwa siasa.

Mwenzake, na baadaye mpinzani wake, alikuwa Clement Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili. Huyu aliwatetea washtakiwa wa Mau Mau mahakamani, na Wazungu wakamchukia kwa hilo. Alipoanzisha chama cha Nairobi, serikali ilikataa jina lolote lenye harufu ya taifa zima, kikaishia kuwa chama cha wilaya. Machi 1957 wawili hao walipambana kwa kiti cha Nairobi. Mboya alishinda kwa tofauti ya kura mia chache kati ya kura elfu chache tu zilizopigwa, kwa sababu wapiga kura wengi wa zamani wa Eastlands walikuwa kambini au vijijini.

Lipo jambo la kutazama katika shindano lile. Jiji lililokuwa roho ya siasa za Wakikuyu lilikuwa likigombaniwa na Wajaluo wawili, na mmoja wao alijulikana zaidi kwa kuwatetea Wakikuyu kortini. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji alikuwa amefungwa, na mgeni ndiye aliyeshika ufunguo wa ukumbi.

Mboya aliutumia ufunguo huo. Chama chake, NPCP, kiliandaa mikutano Kaloleni na Makadara, kikawa na matawi mitaani, na gazeti dogo lililochapwa kwa mashine ya mkono likiitwa Uhuru. Neno hilo moja lilitosha kumkosesha usingizi mkoloni. Mapema mwaka wa 1959 polisi walivamia, wakakamata makumi ya wanachama na kulifunga gazeti. Mboya mwenyewe hakuguswa. Mwaka huo huo alipakia wanafunzi 81 kwenye ndege kwenda kusoma Marekani, na ndege ikawa alama yake. Pale Gikomba, Barabara ya Digo, likasimama jengo la Solidarity, lililosaidiwa kwa fedha za wafanyakazi wa Marekani. Hadi leo ni makao makuu ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COTU.

Lakini sifa hizo hazikumaanisha kwamba kiti kilikuwa chake. Oginga Odinga, aliyekuwa amechaguliwa Nyanza ya Kati, alisimama bungeni Juni 1958 akasema kwamba viongozi wa kweli wa Waafrika ni Kenyatta na wenzake waliofungwa. Wazungu walipiga kelele, na hata baadhi ya wawakilishi Waafrika walisita. Lakini Odinga alikuwa ametoboa siri ya zama zile: kila aliyekuwa kitini alikuwa amekishikilia kwa niaba ya mwingine. James Gichuru alipokubali kuongoza chama kipya cha KANU mwaka wa 1960, kila mtu alijua anakilinda kiti cha nani.

Walipopata kura

Kenya haikuwa peke yake katika fumbo hili. Vita vya Biafra vilipokwisha Januari 1970, Jenerali Yakubu Gowon alitangaza kwamba hakuna mshindi wala mshinde. Lakini Waigbo walikuta wameshapewa mtawala: Ukpabi Asika, mhadhiri Mwigbo aliyebaki upande wa serikali kuu, aliyeongoza jimbo lao hadi 1975. Odumegwu Ojukwu, waliyemfuata vitani, alikuwa uhamishoni hadi aliposamehewa 1982. Kusini mwa Marekani mambo yalikwenda kinyume. Baada ya 1865 weusi waliokombolewa walipata kura na wakawachagua wawakilishi wao, lakini majeshi ya serikali kuu yalipoondoka 1877, waliokuwa vigogo wa upande ulioshindwa walirudi wakaichukua tena nchi.

Eastlands ilikuwa na siku yake ya kujibu Februari 1961. Hali ya Hatari ilikuwa imeondolewa Januari 12, 1960, mauaji ya wafungwa 11 pale Hola mwaka uliotangulia yakiwa yameiaibisha London. Watu walikuwa wamerudi mjini kwa malori na kwa miguu. Vyeti vya uaminifu havikuwa tena na kazi. Katika eneobunge la Nairobi East, Wakikuyu walikuwa tena wengi.

Mboya alikabiliwa na Dkt. Munyua Waiyaki, daktari Mkikuyu, mwenyekiti wa KANU Nairobi, aliyeungwa mkono na kambi ya Odinga. Kwa hesabu za kikabila, kazi ilikuwa imekwisha. Kwa hesabu za kura, Mboya alipata zaidi ya 30,000 na Waiyaki hakufika 3,000. Ni kama kura tisa kwa kila kumi. Ndege ilikuwa imeruka juu ya seng'enge zote.

Watu waliotoka Manyani walimpigia Mjaluo. Wengine walifanya hivyo kwa sababu alikuwapo walipokuwa hawapo, wengine kwa sababu ya mishahara, wengine kwa sababu jina la Kenyatta lilikuwa juu ya bango lake kama lilivyokuwa juu ya kila bango. Kwa vyovyote, uamuzi ule unastahili kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba siasa za Nairobi zimekuwa za kabila tangu zamani. Hazikuwa hivyo pale zilipokuwa na uchungu zaidi.

Mfungwa na ngati

Agosti 1961 Kenyatta alirudi Gatundu. Sasa nguvu tatu zilikuwa zimekutana: mfungwa aliyeabudiwa, washika kiti waliojenga chama, na ngati wenye mashamba, elimu na nafasi serikalini. Waliopigana hasa, wa msituni na wa kambini, walikuwa nguvu ya nne, lakini hawakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Kenyatta alichagua upesi. Mwaka wa 1962 alikwisha kuwaambia watu hadharani kwamba Mau Mau ilikuwa ugonjwa uliotokomezwa, usikumbukwe tena. Utawala wa mikoa, ule uti wa mgongo wa mkoloni, aliuacha kama ulivyokuwa, kuanzia chifu hadi mkuu wa mkoa, na ndani yake walikaa watu waliopata cheo wakati wa Hali ya Hatari. Mfano mmoja unatosha. Jeremiah Kiereini, aliyewahi kufanya kazi katika kambi za Mwea ambako wafungwa "walirekebishwa", alipanda ngazi hadi kuwa mkuu wa utumishi wa umma. Haikuwa siri, na haikuwa aibu. Waliojua kuandika barua na kuendesha ofisi walikuwa wao, kwa sababu wenzao walikuwa wameitumia miaka hiyo wakipasua mawe.

Waliotaka hesabu nyingine walilipia. Bildad Kaggia, yule katibu wa Nairobi, alikuwa mbunge wa Kandara na naibu waziri, lakini hakuacha kusema kwamba ardhi itolewe bure kwa wasio nacho. Alipoteza unaibu waziri mwaka wa 1964. Mwaka wa 1965 Kenyatta alimkemea mbele ya umati, akimlinganisha na wenzao wa Kapenguria waliokwisha kujijenga kwa mashamba na nyumba, na kumuuliza yeye amejifanyia nini. Kaggia akaingia KPU ya Odinga mwaka wa 1966, akapoteza kiti. J.M. Kariuki, mfungwa wa kambi kumi na nne, aliyeandika kitabu juu ya kizuizi chake, aliuawa Machi 1975.

Mboya naye hakudumu. Julai 5, 1969 alipigwa risasi mchana, mtaani, katikati ya jiji. Kilichofuata kiliichana Eastlands vipande: Kaloleni iliomboleza kwa hasira, na huko Gatundu magari yaliwabeba watu kwenda kula kiapo kipya, safari hii cha kulinda serikali. Mtaa ulioweza kumchagua Mjaluo kwa kura za Wakikuyu mwaka wa 1961 haukuweza tena kusahau nani ni nani. Kwa hilo, 1969 ilikuwa kushindwa kwa pili kwa Eastlands, na huku hakukuhitaji askari wa Erskine.

Vibao na sheria

Ukipita leo kutoka Kariokor kuelekea Eastleigh, utapita Barabara ya General Waruinge, iliyobeba jina la mpiganaji. Barabara ya Doonholm iliitwa Jogoo, ndege wa KANU. Mboya alipewa mtaa uliokuwa Victoria Street, na Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti Februari 18, 1957, amesimama kwa shaba katikati ya jiji tangu 2007. Ofafa na Mbotela hawakubanduliwa. Kwa hiyo ramani ya Nairobi inabeba pande zote za vita, waliouawa na waliodaiwa kuwaua, ingawa hakuna kibao hata kimoja kinachomwambia mtoto wa Jericho kwamba watu hawa walikuwa pande tofauti.

Serikali ya kaunti, inayopanga kubomoa na kujenga upya mitaa hii mikongwe, ingefanya vyema kuanza na hilo: maneno machache ukutani, kwa Kiswahili, kabla tingatinga halijafika. Na ukumbi wa Kaloleni uachwe umesimama.

Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa pauni milioni 19.9 walalamishi 5,228 walioteswa kambini. Kenya yenyewe ilichelewa kwa namna yake. Sheria ya mkoloni iliyoipiga marufuku Mau Mau ilidumu katika vitabu chini ya Kenyatta na chini ya Moi, ikafutwa mwaka wa 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Bildad Kaggia, katibu wa KAU Nairobi wa mwaka wa 1951, alikuwa hai siku hiyo. Alifariki Machi 2005.